Maziko ya Mabando katika Nchi ya Bakaa

Nchi ya Bakaa haimo kwenye ramani yoyote, na Wabakaa wenyewe hawalioni hilo kuwa kosa lao. Huko ndiko alikoolewa Bi Kibibi akiwa bado kigori, akazaa, akafiwa na mume, akabaki. Na huko ndiko alikokwenda mdogo wake, Bi Saumu, aliposikia kwamba dada yake ameteleza bafuni, amevunjika nyonga, na hana wa kumkorogea uji.

Bi Saumu kwao alikuwa mshenga, na si mshenga wa kubahatisha. Koo zilizokuwa hazipeani hata moto alikwisha kuziketisha kwenye jamvi moja, zikala, zikaoleana. Aliamini kwamba hakuna mlango usiofunguka, ila wapo wabishaji wasiojua kubisha.

Jioni ya kwanza, alipokuwa akimgeuza dada yake kitandani, alisikia ngoma mtaani. Haikuwa ngoma ya furaha. Ilipigwa pigo moja moja, kwa uzito, na nyuma yake zikafuata sauti za wanawake wakilia.

"Kafa nani, dada?" akauliza, mkono tayari uko kwenye kanga ya kujitanda.

"Hajafa mtu. Leo Siku ya Maziko. Wanazika mabando."

"Wanazika nini?"

"Mabando, Saumu. Ya simu. Yale yaliyobaki."

Bi Saumu akadhani ni dawa za maumivu zinazosema. Akatoka nje kujionea mwenyewe.

Mtaa mzima ulikuwa umesimama mbele ya nyumba zake. Watu wamevaa nguo za heshima, kila mmoja kaishika simu yake kwa mikono miwili kama aliyebeba kitoto kichanga. Katikati ya njia alitembea mtu mrefu aliyevaa koti jeusi la serikali. Huyo alikuwa Bwana Mrisho, Mzishi wa Mtaa. Nyuma yake walikuja wapagazi wawili na sanduku la mninga, kisha mpiga ngoma mmoja mnene. Mwenye simu akifikiwa huilaza juu ya sanduku, bando lililobaki linanyonywa, na ngoma inalia kwa kadiri ya ukubwa wa marehemu. Waliobakiwa na kidogo walipata pigo moja la haraka, wakainamisha vichwa kwa aibu.

Lakini walipofika kwa Mzee Chande, jirani wa ukuta mmoja na Bi Kibibi, ngoma ililia mpaka mpigaji akatoka jasho. Wanawake wakapaza sauti: "Halikuguswa! Limekwenda kama lilivyokuja!" Mzee Chande akasimama wima, kidevu juu, macho yana machozi ya fahari.

Bi Saumu akamsogelea. "Shikamoo, mzee. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Ahsante. Lakini umeona mwenyewe? Halikuguswa."

"Nimeona. Sasa kama hukuwa na haja nalo, kwa nini usingempa jirani?"

Watu wakanyamaza kama waliomsikia mtu akiulizia bei ya sanda kwenye harusi. Bwana Mrisho akageuka, akamtazama, akaona ni mgeni, akamwia radhi kwa sauti ya upole.

"Mama, bando ni la aliyelinunua hadi jua la leo lizame. Likibaki, ni la kaburi. Kumpa mwenzio ni kumwibia marehemu. Wizi huo una kifungo."

"Na kaburi lenyewe liko wapi?"

"Idara yetu ya maziko inajua," akasema Bwana Mrisho, akaendelea na safari yake. Mlango wa Bi Kibibi akaupita bila kubisha.

Siku zilizofuata, kati ya kukanda na kupika, Bi Saumu alijifunza mambo ya Bakaa. Kila mtu hununua bando lake mwanzo wa juma, na juma likiisha linazikwa. Heshima ya mtu hupimwa kwa maziko yake. Kijana akienda kuposa haulizwi anafanya kazi gani. Anaulizwa juma lililopita alizika kiasi gani. Kwa hiyo watu hununua mabando makubwa kuliko haja zao, kisha wanajizuia kuyatumia. Mtu akitaka kumpigia mama yake hujiuliza mara tatu, halafu husema atampigia juma lijalo. Anayelitumia lake likaisha huitwa mlambasufuria, na mlango wake haubishwi jioni ya maziko. Bi Kibibi alikuwa mlambasufuria wa miaka mingi. Alikuwa na binti mmoja tu, Tunu, anayefanya kazi mji mkuu, ng'ambo ya milima, na kila bando alilopata alilimaliza kwa kuzungumza naye.

Wapo walionong'ona kwamba mabando yanayozikwa hufufuliwa na Idara, yakavishwa jina jipya, yakauzwa tena juma linalofuata. Lakini waliosema hivyo walikuwa watu wasio na maziko ya maana, na nani awasikilize?

Siku moja alipokwenda kutafuta dawa, alipita kwenye jumba kubwa lililojaa watu, akaingia kujua kuna nini. Ilikuwa ni Baraza la Maziwa na Chumvi. Wajumbe waliketi pande mbili, na mjadala wao ulikuwa umeanza kabla ya wao kuzaliwa.

"Bando ni maziwa," alikuwa akisema mjumbe wa upande wa kulia. "Yana siku zake. Zikipita, yameharibika, na mtu mwenye akili hampi mwenzake kilichoharibika."

"Bando ni chumvi," akajibu wa kushoto. "Ni nani aliyewahi kuona chumvi ikioza?"

"Kama ni chumvi, mbona linakwisha muda?"

"Linakwisha kwa sababu mmeandika kwamba linakwisha!"

"Nasi tuliandika kwa sababu ni maziwa!"

Pande zote mbili zikapiga makofi, kwa kuwa kila upande uliona umeshinda. Bi Saumu akamuuliza mzee mmoja aliyeketi karibu naye kama kuna siku watafikia uamuzi. Mzee huyo akashangaa. "Wakiamua, mama, watakuwa wanakuja hapa kufanya nini?"

Aliporudi nyumbani alimkuta dada yake kageukia ukutani, mabega yanatetemeka.

"Nyonga tena?"

"Si nyonga." Bi Kibibi akajifuta uso kwa ncha ya shuka. "Tunu kapiga. Upande wa mume wamepanga siku ya harusi. Ni Siku ya Maziko hii inayokuja, alasiri. Wameichagua kwa kuwa ofisi zote zimefungwa."

"Basi si jambo la heri hilo? Huwezi kusafiri, utamwona kwenye simu."

"Kwa bando gani, Saumu? Wewe hukununua, na langu limekatika tukiwa tunazungumza sasa hivi. Juma zima tumechagua kitambaa, tumechagua wapambe. Na la juma jipya hawaliuzi mpaka hili lizikwe. Wanasema si adabu kuleta mtoto mchanga kabla maiti haijatoka ndani." Akalia kwa sauti sasa. "Mwanangu mmoja. Ataulizwa kama ameridhia, na mimi nimelala hapa naangalia dari."

Hapo ndipo Bi Saumu alipokumbuka yeye ni nani. Akajifunga kanga kiunoni, akatoka, akaenda kubisha mlango wa Mzee Chande.

Mzee alimkaribisha kwa kahawa. Waliulizana hali, wakaulizana hali za jamaa, wakaulizana hali ya hewa. Kisha Bi Saumu akaweka kikombe chini.

"Mzee wangu, nimekuja na posa."

Mzee Chande nusura apaliwe. "Posa? Nyumba hii ina mwari?"

"Anaye mwenye nyumba. Bando lako. Limekaa ndani, zuri, nono, halijatoka hata kwenda sokoni. Keshokutwa litakufa likiwa kigori. Mimi nalitafutia mume kabla ya siku hiyo."

Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. Alipoelewa kwamba mgeni wake hatanii, akaacha kucheka. "Unajua unachokitaka? Mtaa huu wananijua kwa maziko yangu. Nikitoka na bando tupu jioni ile, watasema nini?"

"Watasema. Lakini nikuulize, nisamehe mdomo wangu. Juma lililopita walililia bando lako mpaka sauti zikakauka. Katika wote wale, yupo aliyekuuliza wewe unaendeleaje?"

Mzee Chande akaangalia kikombe chake. Nje kuku walikuwa wakiparura. "Ongeza kahawa," akasema hatimaye, na Bi Saumu, ambaye alijua wapi pa kuishia, hakuongeza neno. Akanywa kahawa yake, akaaga, akaenda nyumba ya pili, na ya tatu, na nyingine. Hakuomba mtu avunje sheria. Alisema tu kwamba Bi Kibibi anaumwa, na kwamba kwao ni kawaida mgonjwa kutembelewa.

Siku ya Maziko ilipowadia, Bi Saumu alikivuta kitanda cha dada yake hadi sebuleni, akamvisha gauni jipya, akampaka wanja. Simu ikaegemezwa kwenye birika juu ya stuli. Ilikuwa kimya, haina kitu. Wakangoja.

Wa kwanza kuja alikuwa mwanamke wa nyumba ya mbele, aliyesema amekuja kurudisha sufuria. Sufuria yenyewe haikuwa ya Bi Kibibi, lakini hakuna aliyelitaja hilo. Akaketi. Baada ya muda akafungua simu yake, kwa kuwa simu za Bakaa, kama zetu, zinaweza kumrushia jirani mtandao. Ni kubonyeza tu, ila hakuna aliyekuwa amewahi kubonyeza. Simu ya Bi Kibibi ikashtuka, ikawaka. Na hapo kwenye kioo akatokea Tunu, hina mpaka viwikoni, akicheka na kulia pamoja.

"Mama! Umepataje?"

"Nyamaza usiharibu wanja," akasema Bi Kibibi, naye wake ulikuwa umeshaharibika.

Watu wakaendelea kuingia. Huyu alikuja kuuliza chumvi, yule alisema amesikia kikohozi. Chumba kikajaa, wengine wakakaa kwenye zulia, wengine dirishani. Wengi walikuwa hawajawahi kuingia nyumba hiyo tangu matanga ya mwenye nyumba. Bando la mmoja likichoka, mwingine anafungua lake. Yule mwanamke wa sufuria alitazama simu yake ikisoma sifuri, akaanza kuona haya kwa mazoea, kisha akaona wote wanamtazama Tunu na hakuna anayemtazama yeye. Akatabasamu.

Mzee Chande alikuja wa mwisho, amevaa kanzu yake ya maziko. Hakutoa kisingizio chochote. Akaketi karibu na kitanda na kusema, "Anzeni kutumia langu."

Basi likatumika. Wakaona maandamano ya bwana harusi, wakaona zawadi, wakawasikia waimbaji. Bando la Mzee Chande lilikuwa pana kama bahari, lakini picha za harusi zina kiu, na alasiri ilikuwa ndefu.

Wakati huo ngoma ikasikika mtaani. Pigo, kimya, pigo. Ikaja mpaka mbele ya nyumba, ikakatika. Bwana Mrisho alikuwa amekuta milango yote ya mtaa imefungwa na hakuna mfiwa hata mmoja nje. Akasimama kizingitini na koti lake jeusi, akatazama chumba kilichojaa.

"Kuna nini hapa?"

"Karibu, Bwana Mrisho," akasema Bi Saumu. "Tuna mgonjwa, watu wamekuja kumjulia hali."

"Na simu ya mgonjwa inawaka kwa bando la nani?"

"Langu," akasema Mzee Chande.

"Langu," akasema mwanamke wa sufuria.

"La kwangu," akasema mtu wa dirishani, na mwingine, na mwingine, hata yule aliyekuja bila simu.

Bwana Mrisho akapangusa uso. "Jamani. Sheria inasema mtu asimpe mwenzake."

Bi Saumu akainuka, akaja mbele yake kwa adabu. "Bwana, kwenu sinia likiletwa, watu saba wakalizunguka, utaniambia nani kampa mwenzake wali?"

"Hakuna aliyempa. Wanakula pamoja."

"Ndivyo tulivyokaa hapa."

Bwana Mrisho akafungua mdomo ajibu. Kabla hajajibu, kutoka kwenye simu ikasikika sauti ya shehe. Desturi ya Bakaa ni bibi harusi kuulizwa mara tatu mbele ya watu. "Tunu, umeridhia?" Tunu akasema ameridhia. Mara ya pili, akasema ameridhia. Shehe akavuta pumzi aulize ya tatu, na picha ikaganda. Tunu akabaki kwenye kioo, midomo imeachana kidogo, jicho moja limefumba.

"Tunu!" akaita Bi Kibibi. "Tunu, mwanangu!"

Watu wakashika simu zao, huyu yake, yule yake. Sifuri. Sifuri. Bando la Mzee Chande lilikuwa limetoa tone lake la mwisho. Bi Kibibi alinyoosha mkono akagusa kioo kwa kidole, taratibu, kama anayemwamsha mtoto.

Sasa, watumishi wa Idara wanalo bando la peke yao, lisilokufa, walilopewa ili wapokee amri. Kila mtu chumbani alilijua hilo, na kila mtu aliangalia chini ili asionekane kuwa analijua. Bwana Mrisho alitazama mlango. Alimtazama mama yule na kidole chake. Mtu yule alikuwa na binti pia, ingawa Bi Saumu alikuja kulijua hilo baadaye.

"Amekwisha kujibu ya tatu?" akauliza.

"Bado," akasema Bi Kibibi.

Bwana Mrisho akawaita wapagazi waingize sanduku la mninga. Akaliweka katikati ya sebule, akalikalia kama kiti. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akabonyeza.

"Mimi sijampa mtu kitu," akasema, macho yakiwa mbele. "Mimi nimekaa tu."

Picha ikatikisika, ikaishi. "...umeridhia?" ilikuwa ikirudia sauti ya shehe, na Tunu, aliyekuwa akimngoja mama yake arudi kwenye kioo ndipo ajibu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi njiani: "Nimeridhia!"

Vigelegele vilivyopigwa sebuleni mle vilimtisha hata mpiga ngoma. Akachungulia dirishani. "Bwana mkubwa, jua limezama. Nipige ya nani?"

"Hakuna maiti leo," akasema Bwana Mrisho. "Piga unayoijua nyingine."

Ikabainika kwamba alikuwa anaijua nyingine, tena vizuri sana.

Habari hazikukawia kufika kwa Idara. Bwana Mrisho akaitwa, Baraza likaitwa, na mtaa mzima ukaenda kusikiliza, Mzee Chande akiwa mbele. Upande wa maziwa walitaka afungwe. Upande wa chumvi walitaka atuzwe. Walibishana mpaka mjumbe mmoja aliyekuwa na njaa akasema kwamba bando si maziwa wala chumvi, bando ni mtindi. Maziwa yakikaa si lazima yaharibike, yanaweza kuganda, na mtindi tangu lini ukanywewa na mtu peke yake? Upande wa maziwa wakaona wameshinda, kwa sababu mtindi unatokana na maziwa. Upande wa chumvi wakaona wameshinda, kwa sababu hakuna tena wa kuzika. Likapita. Siku iliyofuata wakaanza mjadala mpya: mtindi utiwe sukari au usitiwe.

Idara nayo haikuvunjwa, maana katika Bakaa idara haivunjwi. Ilibadilishwa jina tu. Bwana Mrisho akawa Mgawanyi wa Mtaa, kwa koti lilelile jeusi, na kila mwisho wa juma alipita akiuliza nani kabakiwa na nani kapungukiwa. Pembeni ya hapo likazuka soko. Waliobakiwa walibadilishana na waliopungukiwa: bando kwa mayai, bando kwa kunyolewa, bando kwa kusukwa nywele. Si yote yaliyokuwa mazuri. Alikuwepo bwana mmoja aliyepata mayai mengi kiasi kwamba mkewe alipotaka kumpigia kumwambia yanaoza, hakumpata hewani. Lakini watu walimcheka, naye akajicheka, na kwa jumla Bi Saumu aliona mtaa umechangamka. Vijana walioposa sasa waliulizwa wanazungumza na nani. Swali hilo liliwatoa jasho zaidi kuliko la kwanza.

Bi Saumu alikaa mpaka dada yake akaweza kwenda na fimbo hadi uani na kurudi. Asubuhi moja, akiwa anafagia, Mzee Chande alimwita kibarazani kwake. Alikuwa ameishika simu kwa mkono mmoja, kama watu wengine wanavyoshika simu.

"Kaa hapa kidogo. Nina ndugu yangu, Makame. Yuko kusini. Nataka kumpigia."

"Mmegombana?"

"Hapana. Hatukugombana hata siku moja. Kila juma nilisema nitampigia juma lijalo." Akafuta kioo kwa kidole gumba. "Sijui nitaanzaje."

Akapiga. Simu iliita kwa muda. Kisha kioo kikajaa uso wa mzee mwingine, uso uleule, ila umekauka zaidi kwa jua.

"Makame."

"Naam."

"Ni mimi."

"Nakuona ni wewe. Umezeeka."

"Na wewe je?"

Wakatazamana. Bi Saumu alikuwa na maneno tele ya kuwaazima, yamempanda hadi kooni, lakini akayameza na kukaza macho kwenye ufagio wake.

"Umekula?" akauliza Mzee Chande.

"Nimekula. Mihogo. Wewe?"

"Bado."

Kimya kingine, kirefu, na hakuna aliyekata. Huko kusini jogoo akawika, na majogoo wa Bakaa wakamjibu. Makame akaigeuza simu amwonyeshe ndugu yake ng'ombe aliyezaa usiku, na Mzee Chande akainama mbele mpaka pua ikakaribia kioo. Akauliza ndama ni wa kike au wa kiume, akaambiwa wa kike, akauliza kama ana baka kipajini kama yule wa mama yao, na Makame akaanza kueleza habari za baka. Alieleza mpaka picha ikakatika katikati ya neno.

Mzee Chande akaitazama simu kwa muda. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Limekwisha, Saumu," akasema, na uso wake wote ulikuwa unacheka. "Nimelimaliza lote."

Kisha akainuka kwenda kununua jingine. Alikuwa ameshafika kwenye kona Bi Saumu alipoona kwamba viatu ameviacha mlangoni.